Kilamati na Utomvu wa Mkonge

Kamba ya mkonge ikilowa hutoa harufu ambayo huwezi kuisahau hata ukihamia mwezini. Ni harufu ya kitu kilichooza kidogo na kuchacha kidogo, kama majani yaliyotiwa kwenye ndoo yakasahauliwa huko. Niliinusa juzi hapa Doha, ndani ya ghala langu la Industrial Area, nikasimama ghafla kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni.

Niseme kwanza kwamba ghala ni langu. Sisemi kwa kujisifu. Au sawa, nasema kwa kujisifu, kwani nani mwingine atanisifia? Nilitua nchi hii nikiwa mlinzi, nikasimama kwenye mteremko wa maegesho ya magari kiangazi kizima, jua linapiga lami na lami inanirudishia. Kila fundi wa AC aliyepita nilimshikia ngazi. Hakuniomba mtu. Nilishika ngazi huku macho yako juu, naangalia anafungua wapi na anafunga wapi. Leo nina mafundi wangu, nina basi langu, nimepanga nyumba Umm Salal yenye mkunazi uani, na mshirika wangu Mkatari akinipigia simu ananiita ustadhi, mimi ambaye darasa la tano sikulimaliza. Wenzangu wa rika langu mtanielewa. Sisi hatukupewa, tulichukua.

Kamba zile zilikuwa za mgahawa mmoja kule kisiwa cha The Pearl. Mwenye mgahawa alitaka nguzo zake zizungushiwe kamba ya asili ili wateja wajione wako pwani ya zamani, wakati kisiwa chenyewe kimejengwa na watu. Si kazi ya AC, lakini mimi kazi siikatai. Kamba zikaja, zikapangwa ghalani chini ya AC yangu mwenyewe, na AC ya mtu anayetengeneza AC za watu ikavuja juu yake Ijumaa nzima tukiwa mapumzikoni. Tulipofungua mlango, harufu ikatupokea.

Tulikuwa wawili, mimi na Piyasena. Huyu ndiye msimamizi wa mafundi wangu, Msri Lanka wa umri wangu, mfupi, ana mdomo kuliko redio. Utotoni wazazi wake walimpeleka hekaluni akawa mtawa mdogo, kichwa kimenyolewa, akakaririshwa vitabu vya Kipali, lugha ya kale ya dini ya Buda, mpaka alipokua akagundua kwamba anapenda pikipiki kuliko sala. Tunaongea Kiarabu cha kazini, na Kiingereza na Kihindi vya kuungaunga. Hapa namwandika kwa Kiswahili ili aeleweke.

Tukaanza kutoa kamba nje zikauke. Mizunguko ile ikilowa ni mizito kama maiti. Niliutupia mmoja begani, ukanilalia shingoni, nikaenda nao juani, nikarudi, nikachukua mwingine.

"Mudir, kaa kidogo," Piyasena akasema. Mudir ndiyo bosi kwa Kiarabu. "Shati lako limelowa kuliko kamba."

"Mimi sichoki," nikamwambia. "Uliza mtu yeyote. Sijawahi kuchoka tangu nizaliwe."

Akautua mzigo wake chini, akacheka mpaka akakohoa. "Hata Buda mwenyewe mgongo ulimuuma, akawaambia wanafunzi endeleeni, acha mimi nijinyooshe. Wewe ni nani?"

"Mimi ni mtu wa Tanga."

"Basi sikiliza, mtu wa Tanga." Akakaa juu ya mzunguko wa kamba kama yuko sebuleni kwake. "Kuna neno kwenye Kipali, kilamati. Maana yake anachoka. Si ule uvivu wa mtu aliyeshiba. Ni kuchoka kwa safari, kwa njaa, kwa jua kama hili, mpaka mwili unalegea. Shina lake liko mbali zaidi, kwenye Kisanskriti, lugha ya wasomi wa kale wa India. Kule wanasema klam, klamyati. Wapali ulimi wao haukupenda herufi zibanane namna ile, wakachomeka i katikati, ikawa kilam."

Hapo nilicheka mimi. "Kumbe ni Waswahili hao! Na sisi tuliletewa klabu tukaifanya kilabu."

"Enhe. Sasa zamani watawa walitembea kwa miguu, wanatoka mbali kwenda kumwona mwalimu wao. Mtawa akifika, vumbi mpaka kwenye nyusi, mwalimu hamuulizi umejifunza nini wala umeniletea nini. Anamuuliza: hali inavumilika? Njia hii umeipita bila kuchoka sana? Chakula ulikipata? Neno ni hilo hilo, kilam."

"Na kama kachoka?"

"Anasema. Kisha anatafutiwa pa kulala." Akajipangusa jasho. "Tena Buda kwenye hubiri lake la kwanza kabisa alitaja njia mbili za kuziacha. Moja ni kujizamisha kwenye starehe. Ya pili imejengwa kwa neno hili hili, kujichosha mwenyewe kwa makusudi ukidhani ndiyo heshima. Hiyo ya pili, mudir, wewe umeifungulia kampuni."

Nilikuwa na jibu. Mimi sikosi jibu. Lakini ile harufu ilikuwa imeshanipanda kichwani, na badala ya kumjibu Piyasena nikajikuta niko kambini kwetu, mtoto ambaye meno ya mbele bado hayajang'oka, nimejificha nyuma ya pipa namchungulia baba yangu.

Kambi yetu ilikuwa ndani ya shamba la mkonge, mbali na mji wa Tanga. Nyumba zilipangwa mstari, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, jirani akipiga chafya unamjibu kutoka kitandani kwako. Usiku na mchana tulisikia korona, ile mashine ya kuchambua majani, inanguruma na kutema maji ya kijani yaliyonuka mpaka kwenye ugali. Singa, zile nyuzi za mkonge, zikianikwa kwenye nyaya zilikuwa nyeupe, ndefu, zinacheza na upepo, nami niliamini ni nywele za bibi wengi sana waliolala chini ya ardhi. Hakuna aliyenikatalia. Watu wazima wa kambini hawakuwa na muda wa kukatalia watoto mambo.

Baba alikuwa mkata mkonge. Alitoka bara, magharibi kabisa, akiwa kijana, akaja kukata, akaoa, akabaki. Mtu mrefu, mkavu, mwenye mikono iliyochanjwachanjwa na miiba ya ncha za majani. Wakataji walianza kazi alfajiri na kurudi jua likiwa bado kali, na hapo kambi nzima ililipuka. Watoto walitoka mbio, "Baba pole na kazi! Pole na kazi!" Na baba zao wakawajibu, "Nishapoa, mwanangu," wakawapa panga la kuwashikia, wengine wakainuliwa juu juu.

Kwetu haikuwa hivyo. Baba alipita pembeni ya nyumba, hakuingia, akaenda kukaa nyuma juu ya debe lililopinduliwa, mgongo ametupa sisi, uso umeelekea mkonge. Mama alimpelekea beseni la maji ya moto, ndimu zilizokatwa na kipande cha sabuni, akaviweka chini na kurudi kimya. Nikitaka kwenda, mama alinidaka kola. "Muache baba yako. Bado." Mpaka aoge, mpaka abadilishe nguo, mpaka anywe chai yake ya mkandaa, isiyo na maziwa, ndipo aliingia ndani na kuniita. Na hata hapo alikuwa amechelewa, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshanuna.

Mtoto akikosa maelezo anajitengenezea. Mimi yangu niliyatengeneza hivi. Kila asubuhi nilimsikia nyapara akipita kwenye mistari na kuwapigia kelele watu, "Amkeni, magoigoi nyie!" Na mimi nilikuwa mtoto wa kulala sana, wa kubebwa mgongoni hata nilipokuwa na miguu ya kutosha, na mama alikuwa akinitania, "Huyu wangu goigoi." Basi nikajua. Baba, mtu wa kazi, hataki kuona goigoi akitoka kazini. Ananichukia, ila ni mpole, ndiyo maana anasubiri chuki ipoe kwanza ndipo aingie ndani.

Nililala na wazo hilo muda mrefu sana kwa umri ule.

Kisha bibi mzaa mama akaugua. Mama akamfunga mdogo wangu mgongoni akaenda kumuuguza, nami nikaachwa na baba, chini ya jicho la jirani yetu mama Zaituni, mwanamke mnene aliyeuza maandazi na kukemea watoto wote kambini bila ubaguzi. Siku ya kwanza tu nikaona nafasi. Hakuna wa kunidaka kola. Baba alipokwenda kukaa kwenye debe lake, nikamwendea kwa nyuma, nikafungua mikono na kusema kwa sauti yangu yote, "Pole na kazi, baba!"

Aligeuka kama aliyechomwa. Akanyanyua mikono yote juu, ile mikono yenye utomvu uliokauka kijani mpaka viwikoni, akasema kwa ukali, "Usinisogelee! Rudi ndani! Rudi!"

Nilirudi. Sikulia. Nilikaa juu ya kitanda cha kamba nikapitisha azimio ambalo, nikiangalia sasa, ndilo lililonileta mpaka Doha. Kama baba hataki goigoi, basi goigoi amekufa leo. Sitachoka tena.

Mama Zaituni hakuamini macho yake. Niliamka kabla jogoo wake hajawika. Nilichota maji bombani kwa ndoo iliyonipiga magotini, nikaenda na kurudi mpaka mtungi ukafurika. Nilifagia kwetu, nikafagia kwake, nikafagia njia ya watu wote. "We mtoto, kaa chini ule andazi," akasema. "Sijachoka," nikamjibu. "Nani kakuuliza kama umechoka? Nimesema ule." Sikula. Watu waliochoka ndio wanaokula, mimi nilifikiri. Baba alirudi, akaenda kwenye debe lake, mgongo ule ule. Hakuona chochote. Basi nikaona niongeze.

Kesho yake nikapanga kumpelekea uji huko huko anakokata. Wanawake walifanya hivyo, lakini mtoto wa kimo changu hakuwahi. Nikachukua kopo la mama lenye mfuniko, nikamimina uji wa mama Zaituni akiwa amegeuka, nikafuata reli ya troli iliyoingia shambani. Jua lilikuwa linapanda. Chuma cha reli kilichoma nyayo, nikashuka kwenye kokoto, kokoto zikachoma, nikarudi kwenye chuma. Pande zote mkonge, mkonge, kila mmea umenyoosha mikuki yake, na mistari ile myembamba inafunguka na kujifunga unapopita, mpaka nikadhani ni mimi nimesimama na shamba ndilo linatembea. Kichwa kikawa chepesi. Nilikuwa najisemesha, "Sijachoka, sijachoka," kwa mwendo wa miguu, mpaka miguu ikaacha kufuata maneno.

Nakumbuka nilimwona. Alikuwa ameinama, anakata, majani yanaanguka pembeni yake na utomvu unachirizika kwenye mkono. Akainua kichwa. Nikanyoosha kopo nimpe. Kisha dunia ikainama upande, na kitu cha mwisho nilichosikia ni panga la baba likianguka juu ya reli.

Nilizinduka zahanati ya shamba, juu ya kitanda cha chuma, nikidhani nimeangukia kwenye upupu. Nilikuwa nawashwa! Shingo, mgongo, nyuma ya magoti, mashavu. Ngozi ilikuwa imenivimba mabonge mabonge, jicho moja halifunguki. Mama Zaituni alinishika mikono nisijikune. Na mganga wa zahanati, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa anamfokea mtu mlangoni.

"Jua limempata, hilo nitalishusha kwa maji. Lakini huu utomvu wote wa nini? Nani kambeba mtoto na mikono ya namna hiyo?"

Nikageuza lile jicho moja. Baba alikuwa amesimama nje ya kizingiti, hakuthubutu kuvuka, mikono ameificha mgongoni.

"Mimi," akasema. "Nilijua, mganga. Huyu tangu mchanga utomvu hauwezi. Nilirudi kazini siku moja nikambeba kabla sijanawa, akavimba mpaka tukadhani tumempoteza. Tangu siku ile simgusi mpaka nioge. Lakini leo alianguka mbele yangu. Ningembeba na nini?"

Mama Zaituni akaniinamia. "Umesikia? Umembebesha baba yako mbio toka huko shambani mpaka hapa, mtu ambaye alfajiri yote alikuwa anakata. Mtoto una vituko wewe!"

Nilisikia. Mpaka leo sijui kueleza vizuri kilichonitokea. Nilikuwa nimevimba, nawashwa kila mahali, koo kavu, na ndani yangu kitu kama gunia kikatuliwa chini, taratibu, na mtu mwenye nguvu. Kumbe lile debe. Kumbe ndimu. Kumbe ule mgongo.

Mganga akampa baba beseni na ndimu, naye akanawa pale pale uani, akasugua mpaka viwiko, akasugua tena. Kisha akavuka kizingiti. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akaweka mkono wake uliolowa juu ya kichwa changu, na badala ya kunigombeza akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Umechoka, baba?" Ndivyo wanavyoitana kwetu, baba anamwita mwanawe baba.

Nilifikiria azimio langu. Nikaliacha.

"Nimechoka."

"Sana?"

"Sana."

"Na mimi," akasema. "Basi lala. Niko hapa."

Tukalala wote wawili, mimi kitandani na yeye sakafuni kwa kuegemea mguu wa kitanda, mchana mweupe, korona inanguruma huko nje bila sisi.

Ajabu ni kwamba maisha yangu yote nilibaki na nusu ya kwanza tu ya kisa hiki. Mtoto wa chuma, asiyechoka, aliyefuata reli peke yake. Nusu hiyo nimeisimulia kwa wafanyakazi, kwa wakwe, kwa mshirika wangu Mkatari, kila mara nikiongeza urefu wa reli. Ile ya zahanati ilikuwa imezama huko chini mpaka maji ya AC yalipoiamsha.

Nilimsimulia Piyasena yote. Alitikisa kichwa kwa upande, kama wanavyotikisa kwao, akasema tu, "Baba yako angefaa hekaluni."

Wakati huo basi langu likaingia uani likiwatoa mafundi kazini. Dereva ni Wafula, Mkenya wa Bungoma. Desturi yangu ni kusimama mlangoni na kupaza sauti, "Majeshi! Nani kachoka?" nao wanajibu kwa pamoja, "Hakuna!" Nimeipenda desturi hiyo miaka yote, na ni mimi niliyeibuni. Safari hii wakateremka na mikebe yao ya chakula, chumvi ya jasho imechora ramani kwenye fulana, wakasimama wakingoja nipige kelele. Nikawauliza kwa sauti ya kawaida.

"Mmechoka sana?"

Wakatazamana. Wafula akavua kofia. "Mdosi, hii ni mtego ama unauliza tu?"

"Nauliza."

"Haya, wacha nikwambie ukweli basi. Jua ya leo imetuchapa vibaya. Tumechoka hadi hizo AC zimeanza kutuonea huruma."

Kicheko kikapasuka uani, nami nikacheka nao. Nikawaambia wakale, wakalale, nguzo za mgahawa zitangoja jua lishuke. Waliondoka wakigeuka kunitazama, mmoja akimwambia mwenzake kwamba labda mzee ameokoka.

Nikabaki na Piyasena na zile kamba zinazotoa mvuke. Hapo ndipo nikahisi shingo inawasha, pale nilipoubeba ule mzunguko uliolowa, vipele vimeshaanza kutoka. Piyasena akaviona. "Ngoja nikuletee dawa, mudir, ipo kwenye kisanduku."

"Acha," nikamwambia. "Acha iwashe kidogo."

Akanitazama. "Na wewe je? Umechoka?"

Nikakaa juu ya mzunguko wa kamba, uzito wangu wote, nikanyoosha miguu.

"Nimechoka."

"Sana?"

"Sana," nikasema, nikajikuna shingo polepole, mahali pale pale mkono wa baba wenye utomvu uliponishika.